Glovu za Daktari Remigius

Remigius hakuja Ifakara kuwa daktari. Alikuja kununua mpunga, akafeli, akabaki anazubaa kwenye mashine ya kukoboa pale Mlabani. Hapo ndipo alipowaona akina mama kwenye foleni, vumbi la pumba limewaganda, na watoto mgongoni wanajikuna. Mmoja wao, Jane, binti mdogo wa Scolastica, alikuwa amejikuna mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti mpaka ngozi imekuwa nyeusi, ngumu, yenye mipasuko.

Mtu mwenye moyo angemwonea mtoto huruma. Remigius aliona duka.

"Pole, mama. Huyu ana mdudu wa ngozi," alimwambia Scolastica. "Akimaliza hapo anahamia kwa mdogo wake."

Scolastica alikuwa mjamzito, tumbo bado halijaonekana vizuri. Akalishika. Remigius akaona.

"Lakini hospitali walisema ni pumu ya ngozi," Scolastica alijitetea. "Walisema haina mdudu, ni ya kuja na kuondoka. Niache sabuni ya manukato, na akitoka kuoga nimpake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na majimaji."

"Ya kuja na kuondoka!" Remigius alitikisa kichwa kama yuko msibani. "Unaambiwa ugonjwa utakuwa unarudi, na wewe unashukuru? Mimi namtoa mdudu na mayai yake."

Hebu niambieni, mama gani akisikia hivyo atarudi kwenye mafuta ya mgando?

Dawa yenyewe aliipika chumbani kwake. Alichukua krimu za kung'arisha uso, akaongeza dawa kali za ngozi zinazouzwa bila mtu kuulizwa nani anaumwa, akamimina manukato, akavuruga kwa mikono mitupu kwenye beseni kama anakanda maandazi. Akajaza makopo.

Na ilifanya kazi! Hapo ndipo palipo na mtego. Jane alilala usingizi mzito, ngozi ikawa laini, na Scolastica akamtangaza Daktari Remigius mtaa mzima. Kopo lilipokwisha, ukurutu, ile pumu ya ngozi, ulirudi kwa hasira, ukapanda hadi usoni.

"Mdudu amekasirika," Remigius alimweleza kwa upole. "Huyo sasa ni wa kopo kubwa."

Wakati huohuo vidole vya daktari vikaanza kuwasha. Vikatoa malengelenge, vikapasuka, vikavuja maji. Remigius alijua biashara imekufa, akanunua glovu akiwa amekata tamaa. Kumbe ndiyo kwanza ikachangamka.

"Umeona?" wateja walinong'onezana. "Dawa kali hiyo, hata mwenyewe haigusi!" Kisha kila mmoja akaenda kumpaka mwanawe shavuni kwa kidole kitupu.

Ngozi ya shavu la Jane ikawa nyembamba hadi mishipa ikaonekana. Scolastica alimrudisha hospitali. Daktari, mama wa makamo, hakufoka. Aliuliza tu, "Umempaka nini?"

"Dawa ya kopo."

"Ndani mna nini? Nikijua, nitajua namna ya kumwachisha taratibu. Nikibahatisha naweza kumwumiza zaidi."

Scolastica hakujua. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Mama Balbina, mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisani.

"Ukimwuliza hivihivi atakwambia ni mizizi ya Mahenge," Balbina alisema. "Mwambie jumuiya inataka makopo kwa jumla. Mengine niachie."

Remigius alifika kwenye sala ya jumuiya na boksi zima, kwa bodaboda, viatu vinang'aa. Alisali kuliko wenyeji. Sala ilipokwisha kikaletwa chakula, ugali na samaki wa Kivukoni, na Balbina mwenyewe akasimama mbele yake na jagi, beseni na sabuni.

"Nawa, Daktari."

"Shikamoo mama, mimi nimeshiba."

"Marahaba. Umeshiba nyumba gani? Hapa mgeni haondoki bila kugusa chakula."

"Basi naomba kijiko."

"Ugali kwa kijiko! Baba, unaumwa?" Akina mama wakaangua kicheko. "Vua hizo glovu, sisi si wagonjwa wako."

Mlangoni wamekaa akina mama wanene watatu. Remigius alivua. Kicheko kikakatika. Balbina akammiminia maji, akampa sabuni, na daktari akaruka kama kakanyaga kaa la moto.

"Yesu na Maria! Mdudu!" Balbina alipiga kelele.

"Si mdudu, mama..."

"Mdudu huyu, tena kakomaa! Mama Jane, fungua kopo. Kubwa!"

Wakamdaka mikono. Scolastica alichota dawa kwa kijiko kilekile alichoomba mgeni, akakisogeza taratibu.

"Msinipake! Itaniunguza!"

"Mwanangu haimuunguzi?" Scolastica aliuliza. "Mna nini humu?"

Kijiko kilipogusa kidole, Remigius alimwaga yote: krimu, dawa kali, manukato, hata dawa ya kufulia kidogo, "ili inukie kihospitali."

"Siwezi kuyashika yote kichwani," Scolastica alisema. "Twende ukamwambie daktari mwenyewe."

Akapandishwa bajaji, katikati ya Balbina na Scolastica aliyempakata Jane, kama bwana harusi asiyependa ndoa.

Daktari alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwandikia Jane dawa nyepesi ya kupunguza kidogokidogo, pamoja na mafuta ya mgando yaleyale ya mwanzo. Halafu akatazama mikono ya Remigius.

"Na wewe una ukurutu, ila wa kugusa vitu. Wa mtoto ni asili ya mwili wake. Wa kwako umeupika mwenyewe kwenye beseni. Usiguse tena hayo madude, paka mafuta, na usijikune."

Wakakaa kwenye benchi kusubiri dawa, Balbina kaziba mlango. Vidole vikaanza kuwasha. Remigius alitazama huku na huku, akavisugua kimyakimya kwenye ukingo wa benchi. Jane, aliyepakatwa na mama yake, alimkazia macho, akanyoosha kidole.

"Wewe! Acha kujikuna!"

Daktari wa Mlabani nzima akaweka mikono juu ya magoti, akatulia.