Nakala kwa Wajumbe Wote

Jumatatu asubuhi Mkurugenzi wa Idara aliwasimamisha watumishi wote uani kwa dakika arobaini, akawatangazia kwamba zama za kudanganywa mtandaoni zimekwisha. Imeundwa Kamati ya Kudumu ya Barua Pepe za Mashaka. Ina wajumbe watatu, meza ndefu na muhuri wake. Watumishi wakapiga makofi kwa nguvu, maana jua lilikuwa kali na bila makofi mkutano haufungwi.

Jumatano karani wa masjala, aliyeitwa Mama Mafaili kwa kuwa hakuna jalada lililowahi kumpotea, alifungua barua pepe ya kazini kwenye simu yake. Miwani uliyoagiza imezuiwa njiani, ilisema. Bonyeza hapa haraka uthibitishe anwani. Miwani alikuwa ameagiza kweli. Akabonyeza, akaandika nenosiri lake, na ukurasa ukageuka mweupe pe. Ndipo alipoitazama anwani ya mtumaji: herufi na tarakimu zimerundikana kama takataka jalalani.

Hakupiga kelele. Alizima data, akaketi kwenye kompyuta ya ofisi, akabadilisha nenosiri, akaviondoa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyoingia kwa jina lake, akaifuta programu ngeni iliyojipenyeza kwenye simu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtumishi mwadilifu, akatenda kosa la pili: akaripoti.

Saa nane aliitwa mbele ya Kamati.

"Mama, nani alikuruhusu kubadilisha nenosiri?" aliuliza Mwanasheria wa Idara, ambaye ndiye mwenyekiti.

"Hakuna, mzee. Nilikuwa nawahi."

"Unawahi nini? Kazi ya Idara haikimbizwi."

"Mwizi yuko ndani, mzee. Nimwandikie barua kwanza?"

"Kuna fomu," alisema Mkuu wa Utumishi, kwa upole kabisa.

Kosa likasomwa: kuzuia madhara kabla Kamati haijayatathmini. Adhabu yake ni kuachishwa kazi. Mama Mafaili alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na nyumba aliyokaa na mama yake mzazi ilikuwa ya Idara. Kazi ikienda, na nyumba inaenda.

Ila haki haitendeki bila kielelezo. Katika Idara ile jambo haliaminiki mpaka kila mkubwa apate nakala, pamoja na viambatisho. Kamati ikamwamuru aipeleke barua ile kwa wajumbe wote, nakala kwa Mkurugenzi.

"Wakubwa zangu, hiyo barua ina sumu. Niipige picha, niwaletee kwenye karatasi."

"Picha si kielelezo halisi," alisema Mwanasheria.

"Basi msibonyeze."

"Unatufundisha kazi?"

"Nawaomba tu, baba zangu."

"Kitufe kinaogopwa na makarani," alisema Mkuu wa Usalama, mjumbe wa tatu. "Tuma."

Akatuma.

Mwanasheria alibonyeza ili kuthibitisha kwamba panabonyezeka. Alipoombwa nenosiri aliliandika, kwani uchunguzi nusunusu si uchunguzi. Mkuu wa Utumishi alikosea lake mara mbili, akauliza kama anaweza kuazima la Mwanasheria. Mkuu wa Usalama alisubiri wenzake wamalize, akaona hawajafa, akabonyeza. Huko ghorofani Mkurugenzi naye alibonyeza, kwa kuwa kila kinacholetwa kwake hukiidhinisha kabla ya kukisoma.

Chai ya kikao haijapoa, barua ikaanza safari mpya kwa jina la Mkurugenzi: makao makuu, matawi yote, na kila mtu aliyemo kwenye simu yake. Simu ikalia.

"Mwanangu," alisema mama mkwe wake, "hiyo miwani ni ya nani? Binti yangu havai miwani."

"Mama, usibonyeze!"

"Nimeshabonyeza, baba. Si umeandika ni haraka?"

Mkurugenzi alishuka ngazi mbio, jambo ambalo jengo lilikuwa halijawahi kuliona. "Zimeni! Zimeni chochote!"

Mwanasheria alimkumbusha kwamba Kamati haizimi kitu bila akidi, na Mkuu wa Usalama alikuwa chooni akiisihi simu yake.

"Zima data, mzee," alisema Mama Mafaili. "Halafu kaa hapa ubadilishe nenosiri."

Mkurugenzi alichapa, akachapa tena. "Linakataa."

"Ameshalibadilisha."

"Nani?"

"Huyo anayekalia kiti chako sasa."

Saa kumi makao makuu walifunga akaunti zote za jengo lile isipokuwa moja, iliyokuwa safi tangu asubuhi. Barua ya kumwachisha kazi karani ilikuwa imeshaandikwa, lakini hakukuwa na mkubwa wa kuituma. Mkurugenzi akaja mlangoni mwa masjala, akabisha hodi.

"Dada yangu, makao makuu wanasemaje?"

"Wanataka orodha ya waliobonyeza. Cheo, saa, na hatua aliyochukua kila mmoja."

"Lakini sisi ni watu wa nyumba moja."

"Ndiyo, mzee. Nimewapanga kwa itifaki. Wewe wa kwanza."

Mama Mafaili hakulificha jina lake mwenyewe. Aliliweka la mwisho, na kwenye safu ya hatua akajaza mistari mitano. Mbele ya yale majina manne aliandika, kwa mwandiko wa taarifa rasmi: *Walidai kielelezo halisi.* Akasoma tena kuhakikisha hakuna kosa, akatuma.