Mistari Miwili ya Profesa

Hakuna chuo kilichowahi kumwona, lakini jina la Profesa lilimkaa vizuri kuliko koti aliloliazima. Siku hiyo alikuwa akipita nje ya karakana ya sabuni aliposikia mwenye karakana, mama mnene wa sauti, akifoka ndani.

"Kipande hiki tofali, hiki biskuti! Mnunuzi akija kupima Ijumaa, nimekwisha!"

Profesa akaweka koti sawa, akaingia.

"Pole, mama. Una ugonjwa wa mtawanyiko."

"Unaua?"

"Biashara tu. Dawa yake takwimu."

Sabuni aliihitaji kuliko hewa. Shangazi wa mchumba wake alikuwa na duka tupu, na alishatamka: rafu zijae, ndipo posa ipokelewe. Na yule mchumba, Profesa alimpenda kweli. Katika maisha yake yote, hilo tu halikuwa uongo.

Wakapatana. Profesa atachora ukutani mistari miwili, wa juu kikomo cha unene, wa chini kikomo cha wembamba; vipimo vyote vikikaa kati yake, atalipwa sabuni za kujaza mkokoteni.

Akapima vipande, akapiga doti ukutani kwa chaki, kila doti unene wa kipande kimoja. Loo! Zilirukaruka kama panzi. Mtaalamu wa kweli angetafuta kinachozirusha. Profesa, kwa hekima isiyofundishwa popote, alisogeza mistari: wa juu akaupandisha hadi darini, wa chini akaushusha mpaka sifuri, sakafuni kabisa.

"Tazama, mama! Hakuna iliyotoroka."

"Kwa hiyo chochote kilichomo humo kati ni sawa?"

"Sayansi haibishiwi."

"Haya, mwanangu. Ijumaa njoo na mkokoteni."

Ijumaa akaja akipiga mluzi, shangazi pembeni amevaa kama anakwenda harusini. Mnunuzi ndiyo kwanza anatoka, meno yote nje. Vipande vilikuwa sawasawa kama mapacha. Profesa alishangaa kidogo, kisha akaanza kuiamini elimu yake mwenyewe.

"Umeona mistari yangu, mama?"

"Niliifuta. Nikaacha doti, nikachora mistari yangu, ya karibu karibu. Kumbe zinaruka kila waya wa kukatia sabuni unapolegea! Sasa tunaukaza kila saa." Akamwekea kiganjani kipande kimoja, chembamba kama ukucha. "Malipo yako."

"Mama! Tulisema mkokoteni ujae!"

"Mstari wa chini si uliuweka kwenye sifuri? Hiki kimo ndani kabisa. Au sayansi inabishiwa leo?"

Profesa akageukia mkokoteni wake mtupu. Akilini alimwona mchumba wake akienda zake.

Shangazi akakitazama kile kipande, akamtazama mkwe mtarajiwa, akacheka mpaka akashika mkokoteni.

"Dada," akamwambia mwenye karakana, "mtu wa kumweza huyu nilikuwa namtafuta. Nikopeshe sabuni, yeye akulipe kwa kazi."

"Waya unahitaji mkazaji."

"Umesikia, mkwe? Rafu zikijaa, tutazungumza posa."

Profesa akavua koti, akalitundika kwenye mkokoteni. Jioni ile alikaza waya kwa bidii ya mtu anayeoa, na safari hii doti zilitulia zenyewe.