Wa Nyuma, Umushushe

Jumatatu, 8 Juni
Harusi ya mpwa wangu Graciella ni Jumamosi. Nani atamwendesha bibi harusi, mimi au binamu yangu Bertin? Bertin ana gari jeusi, chini kama mjusi. Langu ni la Kimarekani, la miaka ya thelathini. Halina boneti, injini iko nje, inanguruma. Lakini nyuma limeinuka. Jana kanisani Bertin amesema linafanana na kuku anayedonoa. Watu wakacheka. Hata mchungaji! Familia itaamua Ijumaa. Lazima nyuma ishuke.

Isitoshe, Maman Thérèse wa mtaa wa Ixelles huku Ulaya, mjane aliyeniuzia gari, aliniagiza hivyohivyo aliponipa funguo: “Ule wa nyuma, umushushe mbele ya mariage, eh?” Watu wa Bukavu na ngeli! Yaani sehemu ya nyuma, uishushe kabla ya harusi. Mimi nilisoma katika kambi ya wakimbizi Kigoma, viboko vya mwalimu navikumbuka hadi leo. Sikumsahihisha. Nina adabu.

Jumanne, 9 Juni
Gereji ya chini ya nyumba yetu, Saint-Gilles. Kazi nyepesi: unalegeza nati, unaingiza kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, gari linakaa chini. Nati zimeshika kutu. Spana imevunjika. Kidole nacho, nusura. Nimepanda kula. Kurudi, nyuma imeshuka sentimita tano. Yenyewe! Mungu hamtupi mja wake. Kiti cha nyuma kimebonyea upande mmoja, na kina joto. Labda bomba la maji moto linapita karibu.

Jumatano, 10 Juni
Jirani yangu Josias, anayesafisha ofisi za Quartier européen, amekuja kunishikia tochi. Nati hazijalegea. Sentimita tano nyingine zimeshuka, tukiwa tunatazama. Josias akamulika ndani. Akasema, “Tonton Donat, kuko muntu mu kiti.” Nikamwambia ni kivuli chake. Akaniuliza tangu lini kivuli kinakohoa. Ameondoka mbio, na tochi yangu.

Ijumaa, 12 Juni
Nimelitembeza gari barabarani, Chaussée d'Ixelles. Linalamba lami! Hapo Porte de Namur polisi amenisimamisha, akaniomba kwa upole nimwambie mzee wa nyuma afunge mkanda. Nikasema nitamwambia. Nyuma yangu, klik. Niliogopa, sifichi. Lakini familia imechagua gari langu! Bertin hakucheka. Aliuliza tu yule papa, mzee mwenye kofia kiti cha nyuma, ni wa upande wa bwana au wa bibi. Wivu huo.

Nikampigia Maman Thérèse kumshukuru. Akauliza kama nimeshamshusha. Nikasema ndiyo, sentimita kumi. Kisha akalia. Mumewe, papa Lucien, alifia katika kiti kile akirudishwa nyumbani kutoka hospitali. Gari likageuzwa palepale kurudi hospitali, na toka siku hiyo hakuna aliyemfikisha mlangoni kwake na kumwambia wamefika. “Nilikuambia muntu, haiko motuka!” Kumbe ngeli yake ilikuwa sawasawa: ni mtu, si gari. Nimeahidi kumshusha kesho.

Jumamosi, 13 Juni
Asubuhi nimesimama mlangoni kwa Maman Thérèse. Nikafungua mlango wa nyuma, nikasema, “Papa, tumefika. Shuka.” Gari likainuka polepole. Ngazi za mbao zikalia, moja baada ya nyingine, hadi juu. Maman akazifuata akifuta machozi. Mimi nami nililia. Dakika mbili nzima.

Kisha nikatazama gari. Kuku anayedonoa! Saa nne na nusu, na ibada ya ndoa ni saa tano. Bertin yuko kanisani na simu yake, tayari kupiga picha.

Nimepitia makaburini. Kimya, hata ndege hakuna. Nimefungua mlango wa nyuma. Nilihitaji mmoja tu wa kuishusha nyuma, lakini marehemu si mtu wa kumwambia “panda” kama mtoto. Nikatumia wingi wa heshima, kama mwalimu alivyotufundisha: “Karibuni. Pandeni.”

Nyuma ikashuka sentimita tano. Kumi. Kumi na tano. Mlango wa mbele ukafunguka wenyewe, na mbele nako kukashuka. Na sijagusa spana! Bertin atakoma leo. Naandika haya upesi, vioo vimejaa ukungu wa pumzi na injini inawaka.

Graciella atakaa wapi? Tutabanana.