Kipimo cha Kubeba Mtu

Jumatatu, 3 Agosti 1953
Temeke tumepata kikosi cha kujitolea kuzima moto! Makuti yanaungua kila kiangazi. Bwana Afisa kaniomba mimi, Adelard, karani pekee mtaani, nipendekeze kipimo cha nguvu. Atakayeshinda ndiye kiongozi, atavaa filimbi shingoni. Mwenye filimbi husalimiwa na kila mtu. Mimi, mwaka mzima hapa, bado naitwa yule wa bara.

Mpinzani ni Kondo, seremala. Barazani kwake hapakosi watu. Vicheko vyao navisikia nikiwa kitandani.

Jumanne, 4 Agosti
Nimepata! Kila mtu atambeba mgongoni mtu wa nyumbani kwake, toka msikitini hadi kisimani, kama anayemwokoa motoni. Kondo anaishi na kaka yake Mwishehe, mchinjaji ng'ombe, naye kwa unene hapishani sana na hao ng'ombe. Kondo kwisha! Bwana Afisa kakubali, kipimo ni Jumamosi, kasema hilo ni wazo la mtu mwenye akili. Nimecheka hadi machozi. Peke yangu, lakini nimecheka.

Alhamisi, 6 Agosti
Balaa. Nimekumbuka sina wa kumbeba.

Nimemwamkia Bi Zuena, mwenye nyumba, kwa heshima zote, nikamweleza shida yangu. Akaniuliza kama nina homa. Akasema siku atakayobebwa na wanaume atakuwa keshaoshwa na kuvishwa sanda. Nikamfuata Gaspar, mwenzangu wa ofisini Kurasini, ajifanye wa nyumbani kwangu. Akasema Jumamosi mwanawe anabatizwa. Akashangaa, kwani mimi sina ndugu? Nikamjibu ninao tele. Wote wako Bukoba. Kunialika ubatizoni hakunialika.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimekwenda na gunia la mchanga, nimelivika koti langu na kofia. Bwana Afisa kakataa, anataka mtu anayepumua. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kondo alikuwa keshamfikisha Mwishehe kisimani, wanawake wakipiga vigelegele. Akarudi, akaniambia basi nimbebe yeye, nisikose kipimo. Nikambeba. Tukaanguka wote wawili mbele ya genge la samaki, kifundo changu cha mguu kikateguka.

Kondo, filimbi tayari shingoni, akanibeba mpaka nyumbani. Mgongo wake una joto. Tangu niagane na mama Bukoba, sijashikwa na mtu hivyo. Nilimwambia aende polepole, kifundo kinauma. Hakikuwa kinauma kiasi hicho.

Jumapili, 9 Agosti
Kondo kaja kuniita nikanywe kahawa barazani kwake. Eti watu wananiulizia. Hila tupu! Anataka nimsifu mbele za watu. Nimemwambia nina kazi.

Na kazi ninayo. Namwandikia Bwana Afisa kipimo kipya, maana moto haubishi hodi mchana tu. Alfajiri kila mtu agongewe mlango na rafiki yake, na atakayetangulia kufika kisimani achukue filimbi. Kondo hulala kama gogo. Mimi huwa macho tangu jogoo wa kwanza, nasikiliza wanaopita. Safari hii ushindi ni wangu! Kilichobaki ni kumpata huyo rafiki. Hilo dogo.