Kiwango cha Mwanaume Mzima

Ilitangazwa rasmi mjini Tozeur kwamba, kuanzia Jumatatu ile, hakuna mwanaume atakayeruhusiwa kupungukiwa homoni bila kibali. Tangazo lilisomwa na Bwana Mokdad Ferjani mwenyewe, Mkurugenzi wa Uhifadhi wa Homoni, akiwa na suti ya sherehe na utepe wa bendera kifuani. Wananchi walipiga makofi. Hawakuelewa kitu, lakini lilikuwa tangazo zuri.

Bwana Mokdad alikuwa na sababu zake, zote za kizalendo. Kabla ya hapo mambo yalikwenda holela. Kule kliniki ya waliovunjika uti wa mgongo, Daktari Sabiha alikuwa akiwapima damu wanaume waliopooza, na akikuta testosteroni, ile homoni ya kiume, imeshuka na mtu mwenyewe hajiwezi kwa uchovu, anamchoma sindano ya kuiongeza. Basi. Hakuna kamati, hakuna mhuri, hakuna hata hotuba. Mkurugenzi alikosa usingizi akiwaza nguvu za kiume za taifa zinavyogawiwa na mwanamke mmoja aliyevaa kandambili. Akaamuru vichupa vyote vya dawa hiyo vihamishiwe kwenye friji la ofisi yake, pembeni ya pilipili ya harisa aliyofungiwa na mkewe, na ufunguo akauvaa shingoni. Anayetaka dawa angeiomba mbele ya Kamati, na mwenyekiti wa Kamati ni yeye.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Lazhar, aliyeanguka kutoka juu ya mtende msimu wa kuchavusha. Miguu ilikufa siku ileile. Mikono ilimsaliti baadaye, polepole, nyama zikipukutika na nguvu zikiondoka. Ikifika saa sita mchana alikuwa hoi. Hata hasira zilimshinda. Akianza kugomba, analala katikati.

Wanaume wanne walimbeba pamoja na kiti chake cha magurudumu hadi ghorofa ya pili, mkewe Mabrouka na Daktari Sabiha wakifuata nyuma. Ghorofa ya chini ilikuwa imetengewa maofisa wenye matatizo ya magoti.

"Unaomba testosteroni," alisema Mkurugenzi. "Ya kufanyia nini?"

"Ya kuamkia, Mheshimiwa."

"Uamke uende wapi?"

"Kwenye kiti."

Mkurugenzi akakitazama kiti. "Mbona umeshafika?"

"Amenifikisha huyu." Lazhar akamwonyesha Mabrouka kwa kidevu. "Kila asubuhi ananibeba kama gunia la tende. Mgongo mmoja umeshavunjika nyumbani kwetu, Mheshimiwa. Sitaki na wa pili."

Mkurugenzi akafungua kanuni. "Dawa hii hupendwa na wanamichezo wadanganyifu. Unaapa kwamba hutashiriki mbio?"

"Naapa."

"Hata za kupokezana vijiti?"

"Labda wanipe kijiti nikae nacho."

Bwana Mokdad akaandika: mwombaji anasitasita. Kisha akamgeukia Mabrouka. "Mama, unathibitisha mbele ya Kamati kwamba huyu ni mwanaume?"

"Huyu alikuwa anapanda mtende na mundu mdomoni," alijibu Mabrouka. "Wewe baba ulishapanda nini?"

"Vyeo," alisema Mkurugenzi, bila utani wowote.

Daktari Sabiha akashindwa kuvumilia. "Mheshimiwa, nimempima mara mbili. Amepungukiwa."

"Kulinganisha na nani?"

"Na mwanaume mzima."

"Yupi? Jina lake nani? Anakaa wapi?"

Daktari akashika kichwa. Lazhar ndiye aliyemwokoa. "Mheshimiwa, si uwe wewe tu? Mkoa huu nani mzima kukuzidi?"

Bwana Mokdad alilitafuta kosa katika hoja ile na hakuliona. Alasiri hiyohiyo agizo likatoka: mwanaume mzima ni Mkurugenzi. Atakayepatikana chini yake atahesabiwa amepungukiwa. Atakayekuwa juu yake ni mzima, na ni marufuku kulalamika.

Alitolewa damu uwanjani mwa ofisi, bendi ya tarumbeta ikipiga. Sindano hakuitazama, kwa sababu za itifaki.

Siku ya majibu wagonjwa wote wa kliniki walibebwa hadi juu, mmoja baada ya mwingine, na ukumbi ukajaa. Daktari Sabiha aliinama amnong'oneze Mkurugenzi sikioni.

"Sema kwa sauti!" alifoka Bwana Mokdad. "Homoni za taifa hazina siri."

"Sawa, Mheshimiwa. Nimelinganisha damu za wagonjwa wangu na yako. Wote wako juu ya kiwango."

Mkurugenzi akasimama, machozi yakimlengalenga. "Ndugu wananchi! Kwa muda mfupi tu, Kurugenzi yangu imetokomeza upungufu katika mkoa mzima!" Akawapa mikono maofisa wake. Alikuwa amefika pale pa kujishukuru mwenyewe Mabrouka aliponyoosha kidole.

"Samahani, dada daktari. Kwa hiyo mume wangu amempita huyu?"

"Amempita."

"Na yule mzee Bechir anayekoroma pale mwisho?"

"Naye. Ila huyo kamzidi kidogo tu."

Kicheko kilianzia kwa wabebaji kwenye ngazi, kikapanda.

Baadaye Bwana Mokdad alimwita daktari faragha. "Mashine imekosea."

"Inawezekana. Tutapima tena. Mwenyewe unajisikiaje?"

Alikusudia kujibu kiofisi. "Nachoka," mdomo ukasema. "Nikila mchana nalala mezani. Mke wangu ananipita ndani kama anapita kabati."

"Yanatibika hayo. Tutatafuta chanzo kwanza."

"Nichome sasa hivi yaishe."

"Dawa sina, ufunguo unao wewe. Na kwa agizo lako, lazima uombe Kamati, na mkeo aje athibitishe."

Akilini Bwana Mokdad akamwona mkewe, Bi Neziha, amesimama mbele ya meza ya Kamati, anaulizwa. Alikuwa ameishi naye miaka mingi na alijua kwamba hajui kuficha ukweli. Jua halijazama, Kamati ikavunjwa kwa mafanikio makubwa na vichupa vikarudi kliniki.

Miguu ya Lazhar haikuamka. Hakuna aliyemwahidi hilo. Lakini baada ya miezi ya sindano na mazoezi, asubuhi moja alimwambia Mabrouka akae pembeni. Akakita viganja kwenye godoro, akajisukuma, akatua kitini upande upande huku akitukana. Mabrouka akaketi kitandani akalia. Kisha akamgombeza kwa kuangusha mto.

Wiki hiyo ndipo Bwana Mokdad alipofika kliniki kupimwa tena, amevaa miwani myeusi. Pale hapakuwa na benchi. Kila mgonjwa alikuja na kiti chake. Akasimama peke yake ukutani, anaonekana na wote.

Lazhar, aliyekuwa mbele kabisa, akageuza kiti.

"Jamani, mpisheni Mheshimiwa," alisema kwa upole. "Hali yake ni mbaya kuliko zetu."

Magurudumu yote yakarudi nyuma kwa heshima, na Mkurugenzi akapita katikati, akisema asante kwa kila kiti.