Kuku Arobaini na Watatu

Jumatatu, 3 Machi

Makala imekwenda! "Athari ya Rangi ya Chombo katika Unywaji wa Maji wa Kuku wa Mayai." Kurasa kumi na nane. Mgongo unauma kana kwamba nimezibeba. Miaka tisa mhadhiri wa kawaida, na kamati ya vyeo inakaa Agosti. Inataka makala moja iliyochapishwa. Moja tu!

Jarida lina utaratibu wake. Mhariri anaondoa jina la mwandishi, kisha anapeleka makala kwa wahakiki wawili wanaoijua fani. Wao hawanijui, mimi siwajui. Haki tupu. Ila fomu ina kijisanduku: pendekeza mhakiki mmoja, asiwe ndugu yako. Nikatafakari. Ndugu ni tumbo moja. Kaka wa mke wangu ni shemeji. Bwana mifugo, ana shahada mbili, mpole hata vifaranga humkanyaga. Nimemwandika. Kila mtu hujikuna ajipatapo.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja kula mchana. Kifua mbele. Kasema kuna jarida limemwomba ahakiki makala, lakini ni siri, hawezi kusema. Akaisema siri hiyo mara tatu, ya mwisho akiwa ukutani na jirani. Kanunua miwani mipya na kalamu nyekundu. Mke wangu akauliza hilo jarida lilipata wapi jina lake. Nikapaliwa na maji.

Nikapenyeza neno: huenda mwandishi ni baba wa familia, kachoka, amstahi kidogo. Akanitazama kama niliyemtukania mama. Sayansi haina huruma, Shem, akasema. Nikamwongezea paja la kuku.

Jumatano, 30 Aprili

Wiki saba kimya. Nafungua barua pepe hadi kidole kimeota sugu. Leo jibu. Mhariri, mama mwenye adabu za kuua, anasema makala yangu inavutia sana, hata hivyo... Nilipofika kwenye "hata hivyo" nikatafuta kiti.

Mhakiki wa Kwanza: mistari miwili, hana neno. Mungu ambariki. Mhakiki wa Pili: kurasa kumi na moja! Anasema ukurasa wa nne kuku ni arobaini, wa tisa ni arobaini na watatu. Je, wametotoa katikati? Anasema takwimu zimenyooka kuliko rula. Anataka picha ya kuku wakinywa. Namjua mtu mmoja tu anayesema "kuliko rula". Ndiye niliyemlisha paja.

Ukweli, nauandika hapa tu: kuku ni kumi na saba. Na ni wa mke wangu.

Jumamosi, 3 Mei

Kazi ya picha. Kuku wamegoma kunywa. Nikawanyima maji tangu alfajiri. Mke wangu akanigundua, akaninyima chai. Hatimaye wamekunywa, tisa kwa mpigo, ndoo nyekundu. Nimepiga. Kuhusu wale watatu wa ziada, nimejibu ni makosa ya uchapaji. Nimetuma. Nimelala mchana mzima.

Alhamisi, 22 Mei

Shemeji kaingia bila hodi. Hakukaa. Kaenda moja kwa moja uani, akarudi na kuku kwapani. Yule mwenye chongo.

"Jicho hili nililitibu mimi," akasema. "Na huyu yuko kwenye Picha ya Pili."

Nikamwambia kuku wenye chongo ni wengi duniani.

"Shem."

Basi. Neno moja. Afadhali angenitukana. Akasema amekwisha kumwandikia mhariri kwamba mwandishi ni mume wa dada yake, na kwamba anajitoa. Akasema miaka ishirini na miwili amechanja ng'ombe wa watu, na hakuna aliyewahi kumwomba maoni yake kwa maandishi. Alipoombwa alidhani mtu ameiona kazi yake. Kumbe ni mimi, na nilimchagua kwa kuwa nilijua hatasoma.

Mke wangu alikuwa mlangoni, kasikia yote. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Ardhi nayo haijawahi kunisaidia.

Jumatatu, 2 Juni

Imekataliwa. Barua fupi, bila "inavutia". Mstari wa mwisho tu: Mhakiki wa Pili, kabla ya kujitoa, aliandika kwamba swali lenyewe ni zuri, na kazi ikifanywa upya kwa uaminifu ipokelewe, isomwe na wahakiki wengine. Nimeusoma mara sita.

Nikaenda kwake kwa miguu kumwomba radhi. Shemeji akaingia chumbani, akatoka na daftari, kalipiga mistari mwenyewe: siku sitini, kuku kumi na saba, ndoo tatu. Pima asubuhi, pima jioni, akasema, andika unachokiona. Tukashikana mikono. Machozi yakanilengalenga. Agosti imeshakwenda na maji, lakini mwakani je? Nimeapa mbele yake na mbele ya mke wangu. Mtu mpya!

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya nne. Kupima maji ni kazi ya punda. Kuku wanamwaga, njiwa wanadokoa, ndoo ya njano inavuja. Magoti yamenikataa. Leo nimejaza safu ya asubuhi nikiwa kitandani, kwa kukisia. Kisha ya jioni. Kalamu ikawa imeshika kasi, haikuwa busara kuisimamisha. Nimefika mwisho wa mwezi. Wino wa bluu na mweusi kwa zamu, zionekane siku tofauti.

Alhamisi ijayo kuku watakunywa vizuri sana.