Farasi wa Matundu

Jumamosi, 6 Desemba
Mashine imefika. Nimemwambia mume wangu, Mitsugu, kwamba ni ya kukatia vitambaa vya jikoni. Ameangalia picha ya farasi wa karatasi juu ya boksi, akauliza ni jiko la nani hilo. Mwanamume aliyestaafu ana muda mwingi mno wa kusoma maboksi.

Ukweli nauandika hapa: ni ya kukatia kadi za Mwaka Mpya. Kila Mwaka Mpya mama mkwe hupokea kadi za ukoo mzima, huchagua moja, huibandika kwenye mlango wa friji, na hapo inakaa hadi achague nyingine. Mwaka wa kumi na moja sasa ni kadi ya wifi yangu, Tamiko. Anachora kwa brashi. Ni kweli yeye ni mtoto wa kuzaa na mimi ni mtoto wa kuletwa. Lakini miaka kumi na moja? Kila nikifungua friji ya Mama nitoe maziwa, nyoka wa Tamiko ananitazama.

Kwetu kila mwaka una mnyama wake: huu ni wa nyoka, ujao ni wa farasi. Utakuwa wangu.

Jumapili, 14 Desemba
Farasi kumi wa majaribio. Saba wana miguu mitatu. Mkeka wa gundi unaoshikilia karatasi hautaki kuachia, kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Farasi mmoja amepotea. Jioni nimemkuta amenata mgongoni mwa Mitsugu, ametoka naye dukani.

Jumatano, 17 Desemba
Nimepata dawa. Asiwe farasi wa kubandika, awe farasi wa matundu! Mashine inatoboa kadi yenyewe: nywele za shingo, mkia, kwato nne. Ukiinua kadi dirishani mwanga unapita, farasi anang'aa. Kwato za nyuma nimezishusha hadi ukingo wa chini, aonekane anakimbia kweli. Kadi arobaini za posta, zote sawasawa, hakuna iliyokosea hata unywele.

Mitsugu akauliza kama nimegeuza kadi nikatazama upande wa pili. Nikamwambia upande wa picha ni wa sanaa, ule mwingine ni wa tarishi. Akarudi kumenya chungwa lake.

Tamiko amepita kutuletea figili za chumvi. Akaizunguka mashine mara mbili. "Wifi, hii inaandika na salamu, au salamu nazo umezinunulia mashine yake?" Nikamwongezea chai ya moto sana.

Alhamisi, 25 Desemba
Nimezitia zote kwenye boksi la posta. Leo ndiyo mwisho, ukichelewa hazifiki tarehe mosi. Usingizi mzuri.



Jumatatu, 29 Desemba
Usingizi umekuwa mzuri mno: nimeamka lori la takataka za kuchoma limeshapita, na ndilo la mwisho mwaka huu. Bi Hirabayashi, mwenye zamu ya kulinda jaa, amenirudishia mfuko wangu mpaka mlangoni. Anasema mtaa hauwezi kuingia Mwaka Mpya na vipande vyangu vya karatasi. Kwa hiyo nitaingia navyo mimi; mfuko nimeuficha chini ya ngazi.

Alhamisi, 1 Januari
Simu ya Mama, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa unyenyekevu kwamba si kitu, ni kajikazi kadogo tu.

"Chizuko mwanangu, farasi wako mzuri. Ila amekula namba yangu."

Upande wa tarishi, pale chini kabisa, kila kadi ina namba ya bahati nasibu ya posta. Kwato za nyuma zimepita na tarakimu mbili za mwisho, na hizo mbili ndizo zinazoleta zawadi ya stempu. Mama ana miaka themanini na sita. Ameshinda stempu mara mbili maishani, amezihifadhi kwenye kopo la mwani, hajabandika hata moja. Kwa wiki mbili na zaidi kila Januari anaishi kwa ajili ya droo hiyo.

Na mimi nimeitoboa kwa watu arobaini. Mitsugu alimenya chungwa kwa namna iliyosema: nilikuuliza.

Jumamosi, 3 Januari
Mama amekuja na kioo cha kukuzia na nguo za kulala. Nimetoa mfuko chini ya ngazi. Kwato za nyuma themanini, kila moja na tarakimu yake mgongoni, zote za umbo moja kabisa, kila moja inaingia kila tundu. Hakuna wa kujua ipi ni ya nani.

Mama amezipitia moja moja kwa kioo chake. Kisha akasema hakuna haraka ya kubandika. Tungoje kwanza tujue tarakimu zipi zimeshinda.

Sikujua huyu mama ana akili kama yangu.

Jumanne, 6 Januari
Bado yuko. Tunakaa miguu ndani ya blanketi la meza yenye hita chini yake, tunapanga kwato: sifuri huku, saba kule. Ameniambia kwa Tamiko huwa anaambiwa akae asichoke, akikaa anachoka. Hapa nimempa kazi. Amenicheka kwa farasi wa miguu mitatu hadi mochi, keki ya mchele inayonata, ikampalia, nikampiga mgongo, akaendelea kucheka.

Tamiko amekuja kumtafuta. "Wifi, umemteka mama yangu kwa takataka." Mama akamwambia asifungue mlango hivyo, upepo utapeperusha saba.

Jumatatu, 19 Januari
Droo. Tarakimu za ushindi: arobaini na moja! Mama amebandika kwato yenye nne kwenye kadi yake, akabandika yenye moja, akazipulizia zikauke.

Jumanne, 20 Januari
Posta. Karani ameinua kadi dirishani. Farasi akang'aa vizuri sana, na gundi nayo ikang'aa. Akasema kwa heshima zote kwamba kadi iliyokatwa haina zawadi, hata ikiwa imebandikwa upya. Mama akainama, akasema amesikia, akaichukua kadi yake.

Nimemsindikiza kwake. Sikutegemea lolote. Akamtoa nyoka wa Tamiko, akambandika farasi wangu mlangoni pa friji, akarudi nyuma kumtazama. Akasema Tamiko anachora vizuri zaidi, nisijidanganye. Ila kadi za Tamiko hazijawahi kumpa siku kumi na saba kama hizi.

Somo nimelielewa kabisa. Kwato mbili tu, siku kumi na saba. Mwaka ujao ni wa kondoo, na kondoo ni manyoya mwili mzima. Nimeanza kumchora. Matundu yake yatameza namba yote, na jina la mpokeaji, na anwani.